Tufungulieni mlango wa sikukuu za Bwana: barua ya wazi kwa maaskofu, wachungaji na wazee wa kanisa

Baba zetu maaskofu, wachungaji wetu, wazee wa kanisa, nanyi nyote mliokabidhiwa kundi la Mungu,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mshirika wa kawaida na mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Sikusomea theolojia. Nimekuja na Biblia yangu, ile ile mliyonifundisha kuisoma, na ombi moja. Waruhusuni washirika wanaotaka kuadhimisha sikukuu za Biblia, yaani Pasaka na Mikate Isiyotiwa Chachu, Malimbuko, Majuma, Tarumbeta, Siku ya Upatanisho na Vibanda, waziadhimishe wakiwa ndani ya kanisa, chini ya mafundisho yenu, pasipo kuhesabiwa waasi. Na ninyi wenyewe mtufundishe sikukuu hizo madhabahuni.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani nilishafika. Familia nne tuliketi nyumbani kwetu jioni ya Pasaka kwa kalenda ya Kiebrania. Tulisoma Kutoka 12, tukasoma Luka 22, tukala mikate isiyotiwa chachu na mboga chungu, tukaimba, tukaomba, watu wakaenda kulala. Wiki mbili baadaye niliitwa mbele ya wazee. Nikaulizwa kama nimelihama kanisa. Nikaulizwa kama nimerudi kwenye torati na kumkana Kristo. Nikasimamishwa kufundisha watoto kwa miezi mitatu. Sisemi kwamba nilitendewa ukatili. Mzee mmoja alinisindikiza hadi langoni akiwa na huzuni kunizidi mimi. Lakini saa nzima ile Biblia zetu zilikaa mezani zimefungwa, na hakuna aliyefunua Walawi 23 tukaisoma pamoja. Naomba tuifunue sasa.

Sura hiyo tumezoea kuiita sura ya sikukuu za Wayahudi. Yenyewe haisemi hivyo. Mungu anamwambia Musa kuwa hizo ni sikukuu za BWANA, kisha anasema, "hizi ndizo sikukuu zangu." Israeli walikabidhiwa kuzitunza, nao wamezitunza kwa gharama kubwa, kupitia uhamisho na mateso ambayo mara nyingi yaliletwa na watu waliojiita Wakristo. Ila mwenye karamu ni Mungu. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "sikukuu" hapo ni moedi, maana yake wakati uliopangwa wa kukutana. Kiswahili kina neno linalofanana nalo kwa sauti na kwa maana: miadi. Na neno hilo hilo la Kiebrania ndilo lililotumika katika Mwanzo 1:14, jua na mwezi vinapowekwa angani viwe kwa dalili na "majira." Kabla Ibrahimu hajazaliwa, kabla ya Musa na Sinai, Mungu alikuwa ameshatundika angani saa ya kupimia miadi yake na wanadamu. Mimi mtu wa mataifa, niliyepandikizwa kwenye mzeituni kwa neema kama Paulo anavyosema katika Warumi 11, nikisikia kwamba Baba ana miadi, natamani kufika.

Lugha yetu imetupa zawadi nyingine ambayo hatuioni kwa sababu ya mazoea. Kwa Kiswahili usiku ule wa Misri unaitwa Pasaka, na Jumapili ya kufufuka kwa Bwana inaitwa Pasaka. Kiingereza kimezitenga kwa majina mawili, moja la Wayahudi na moja la Wakristo. Sisi tuna moja, kama walivyokuwa nalo Wakristo wa kwanza. Hata hivyo, nilipowauliza watoto darasani Pasaka ni nini, walijibu kwa sauti moja kwamba ni siku Yesu alipofufuka. Jibu zuri. Nikangoja. Hakuna aliyemtaja mwana-kondoo, wala miimo ya mlango, wala usiku wa kukaa viatu miguuni na fimbo mkononi. Na mwalimu wao ni mimi, basi lawama hiyo naibeba mwenyewe.

Mtoto asiyejua usiku wa Misri atasikiaje maneno ya Yohana Mbatizaji, "Tazama, Mwana-kondoo wa Mungu"? Ataona mnyama mpole wa kwenye picha. Hataona damu mlangoni, wala hatajua kwa nini Yohana, akisimulia msalaba, anasimama kutuambia kwamba mifupa yake haikuvunjwa. Sheria ya kutovunja mfupa imo katika Kutoka 12:46, na inamhusu mwana-kondoo wa Pasaka. Injili zote nne zinakiweka kifo cha Bwana ndani ya Pasaka. Angeweza kufa siku yoyote ya mwaka. Katika Luka 22 anawaambia wanafunzi kwamba ametamani sana kuila Pasaka hiyo pamoja nao kabla ya kuteswa kwake. Ametamani sana. Sijui kwa nini tunapita juu ya maneno hayo haraka hivi.

Yanayofuata yanakwenda kwa kalenda ile ile. Walawi 23 inaagiza mganda wa malimbuko utikiswe mbele za BWANA siku inayofuata Sabato. Walimu wa Israeli walibishana ni Sabato ipi, Masadukayo wakihesabu hivi na Mafarisayo vile, lakini Paulo anapoandika kwamba Kristo amefufuka, limbuko lao waliolala, anaongea na watu wanaojua mganda huo ni kitu gani: masuke ya kwanza yakishapokelewa, shamba zima lililobaki lina ahadi. Kisha zinahesabiwa siku hamsini. Siku ya Pentekoste ilipotimia, asema Luka katika Matendo 2. Watu kutoka kila taifa walikuwa wamejaa Yerusalemu kwa sababu ya sikukuu. Roho alishuka siku ambayo umati ulikuwa umeshakusanywa na Walawi 23.

Sasa nizungumze juu ya Majuma, yaani hiyo Pentekoste, kwa maana hapo moyo wangu umekaa muda mrefu. Sadaka ya siku hiyo ni mikate miwili iliyotiwa chachu. Wiki saba nyuma chachu imefagiliwa nje ya kila nyumba, na sasa mikate yenye chachu inainuliwa mbele za Mungu. Wengi katika kanisa wameona humo watu wawili, Myahudi na mtu wa mataifa, wanaopokelewa pamoja wakiwa bado na udhaifu wao. Mimi naipenda tafsiri hiyo ingawa siwezi kuapa juu yake. Lisilohitaji tafsiri ni mstari wa 22. Katikati ya sheria za sikukuu, ghafla, Mungu anasema mvunapo msimalize pembe za mashamba, wala msiokote masazo. Muwaachie maskini na mgeni. Wala sura haijaishia hapo. Inaendelea na sikukuu nyingine. Agizo la maskini limewekwa ndani ya ibada. Na Wayahudi husoma kitabu cha Ruthu siku ya Majuma: mjane mgeni aliyeokota masazo shambani mwa Boazi, akawa bibi yake Daudi wa vizazi vitatu, na jina lake limeandikwa katika ukoo wa Yesu katika Mathayo 1. Fikirini ibada ya Pentekoste ambamo baada ya kuomba ujazo wa Roho tunasoma Ruthu yote, sura nne tu, kisha kila nyumba inaeleza ni pembe gani ya shamba lake, au ya mshahara wake, imeachiwa mjane na mgeni.

Hapa sina budi kusema jambo linaloniuma. Katika makanisa mengi neno "malimbuko" limebaki kwenye bahasha. Mshirika hulisikia anapotakiwa kuleta mshahara wa kwanza wa mwaka, na mara nyingine huambiwa kwamba asipouleta amejifungia baraka. Hakufundishwa mganda, hakufundishwa siku hamsini, hakufundishwa ufufuo kama limbuko. Akaunti ya kanisa anaijua. Wachungaji wangu, ikiwa tunasema sikukuu zimepita kwa kuwa ni torati, hatuwezi kubakiza sehemu ile tu inayoleta fedha. Na kama malimbuko yana neno la kutuambia leo, basi tuyapokee yote, pamoja na pembe za shamba.

Najua andiko mtakalonijibu, maana nililijibiwa. Wakolosai 2:16-17: "Basi, mtu asiwahukumu ninyi katika vyakula au vinywaji, au kwa sababu ya sikukuu au mwandamo wa mwezi, au sabato; mambo hayo ni kivuli cha mambo yajayo; bali mwili ni wa Kristo." Nakubali kila neno. Nasema tu kwamba upanga huo unakata pande zote mbili. Mtu asiwahukumu. Anayeshika asimhukumu asiyeshika, na asiyeshika asimwite mwenzake mbele ya wazee kwa sababu alikula mkate usio na chachu. Paulo ameandika hivyo hivyo katika Warumi 14: mtu mmoja anafanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa, kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe.

Na kivuli? Mtoto aliyengoja tangu asubuhi akiona kivuli cha mama yake kizingitini hakifukuzi, wala hakikumbatii kivuli na kumwacha mama mlangoni. Anainua macho. Kivuli kilimwambia ageukie wapi. Sikukuu zinanifanyia hivyo. Siku nitakayoona nimeshika kivuli na kumwachilia Kristo, niiteni, nitakuja mwenyewe bila barua.

Wagalatia ni andiko zito zaidi, nami sitaki kulipunguza makali. "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka," Paulo anawaambia, naye anawaogopea. Walikuwa wakiambiwa kwamba pasipo tohara na matendo ya sheria hawahesabiwi haki. Kwa hiyo akisimama mtu kati yetu akafundisha kwamba asiyeshika Vibanda hataokoka, au kwamba asiyefunga Siku ya Upatanisho bado yumo dhambini, huyo mnyamazisheni, nami nitasimama upande wenu. Mitume na wazee katika Matendo 15 hawakuwawekea mataifa kongwa hilo, na hakuna mwenye mamlaka ya kuliweka leo. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Sikukuu ni karamu ya watu waliokwisha kutoka Misri. Hakuna Mwisraeli aliyeambiwa ale Pasaka ili Farao amwachie mwaka unaofuata.

Lakini mtume huyo huyo, angalieni jinsi anavyopanga safari zake. Anasafiri kutoka Filipi baada ya siku za Mikate Isiyotiwa Chachu (Matendo 20:6). Anafanya haraka ili, ikiwezekana, awepo Yerusalemu siku ya Pentekoste (20:16). Anawaandikia Wakorintho kwamba atakaa Efeso hata Pentekoste, naye anatazamia kwamba watu wa Korintho, wengi wao wa mataifa, wataelewa ni lini hiyo. Na kwa watu hao hao anaandika: "Kwa maana Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo; basi na tuifanye karamu." Basi na tuifanye. Tumefundishwa sana sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Tena, sisi wenyewe tunashika siku. Tarehe 25 Desemba haimo katika Maandiko, na bado tunapamba kanisa, tunaimba, watoto wanaigiza, na mioyo inaguswa kweli. Makanisa mengi yana Siku ya Mavuno. Yana Kwaresima, yana siku ya kuweka wakfu, yana mkesha wa mwaka mpya. Hakuna anayeitwa mtu wa torati kwa kuadhimisha siku hizo, na ni haki asiitwe. Naomba kipimo hicho hicho kitumike kwa siku ambazo Bwana wetu mwenyewe alizipanda kwenda Yerusalemu, tangu utoto wake, wazazi wake walipokwenda huko kila mwaka kwa Pasaka.

Ilikuwaje basi tukaachana nazo? Haikuwa kwa siku moja, wala kwa andiko moja. Katika karne ya pili makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa kwanza wa Kiebrania, siku yoyote ya juma iangukiapo. Roma waliiadhimisha Jumapili. Katika miaka ya 150 hivi Polikarpo, askofu wa Smirna huko Asia Ndogo, alikwenda Roma akazungumza na Askofu Anicetus. Polikarpo alisema hawezi kuacha alichokishika pamoja na Yohana, mwanafunzi wa Bwana. Anicetus alisema hawezi kuacha desturi ya wazee waliomtangulia. Hawakupatana juu ya siku, lakini Anicetus alimpa Polikarpo heshima ya kuongoza Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, kanisani mwake, wakaagana kwa amani. Miaka kama arobaini baadaye Viktor, askofu wa Roma, alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa sababu hiyo hiyo, na Irenei, askofu wa Lyon, ambaye yeye mwenyewe aliadhimisha Jumapili, akamwandikia kumsihi asifanye hivyo, akimkumbusha habari za Polikarpo na Anicetus. Ombi langu lote linakaa ndani ya kisa hicho. Siwaombi mbadili siku yenu. Naomba mtutendee kama Anicetus alivyomtendea Polikarpo.

Baadaye mambo yalichukua sura nyingine. Baraza la Nikea la mwaka 325 lilitaka makanisa yote yafuate Jumapili moja, jambo lenye hekima yake. Lakini barua ya Kaisari Konstantino iliyofuata iliwasema Wayahudi kwa chuki, ikitaka tusiwe na lolote la kushirikiana nao. Katika nusu ya pili ya karne hiyo kanuni za baraza la kanisa la Laodikia zilikataza Wakristo kupokea mikate isiyotiwa chachu kutoka kwa Wayahudi. Na mwaka 386 na 387 Yohane Krisostomo alihubiri Antiokia kwa maneno makali mno dhidi ya Wakristo waliokwenda kusikiliza tarumbeta na kushiriki sikukuu katika sinagogi. Maneno hayo yalikuja kutumiwa vibaya na watu wabaya karne nyingi baadaye. Ila mahubiri hayo yananionyesha jambo: huwezi kumkataza mtu kwenda mahali asikokwenda. Karibu miaka mia tatu baada ya mitume, Wakristo wa kawaida bado walikuwa wakivutwa na sikukuu hizi. Kilichowatoa huko kwa sehemu kubwa kilikuwa uadui kwa Wayahudi, na uadui huo hatupaswi kuurithi.

Niruhusuni niwaingize nyumbani kwangu kidogo. Jioni moja kabla ya Pasaka tulizima taa, tukawasha mshumaa, tukaitafuta chachu kama Wayahudi wafanyavyo. Mkate ulishatoka, unga wa hamira ulishatoka, tulibaki na makombo. Mwanangu wa miaka minane akaingiza mkono kati ya mito ya kiti, akatoa kipande cha mkate kikavu, kidogo kama ukucha. "Mama, hiki ni kidogo sana. Tukiache?" Nikamwambia Paulo anasema chachu kidogo hulichachua donge zima. Akakiweka kwenye karatasi pamoja na vingine. Tukamaliza, tukaomba. Nilipokwenda kuwafunika akaniita, akainua godoro upande wa ukutani, akatoa kalamu ya dada yake iliyokuwa imetafutwa wiki mbili nyumba nzima. "Na hii pia," akasema.

Nimemfundisha mtoto huyo Amri Kumi kwa wimbo, kwa picha, kwa maswali na majibu. Mshumaa na makombo vilimfikia mahali ambapo midomo yangu haikufika. Mungu alijua. Katika Kutoka 12:26 amepanga kabisa kwamba watoto watauliza, "Utumishi huu maana yake ni nini?" Sikukuu zimetengenezwa kuanzisha swali. Ibada zetu nyingi zinampa mtoto jibu kabla hajapata swali, naye anasinzia.

Juu ya Tarumbeta na Upatanisho nitasema machache. Kila mkutano wetu tunaimba kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu. Maneno hayo yametoka Nehemia 8:10, nayo yalisemwa siku ya kwanza ya mwezi wa saba, siku ya Tarumbeta, watu walipoisikia torati ikisomwa wakalia, wakaambiwa wasilie, wakale vinono na wampelekee sehemu yake yeye asiyewekewa kitu. Tunaimba wimbo wa sikukuu tusiyoijua. Wapo wanaoihusisha siku hiyo na parapanda ya mwisho ya 1 Wathesalonike 4, nami tumaini hilo ninalo. Lakini yeyote atakayesimama kwa ajili hiyo kutangaza mwaka wa kurudi kwa Bwana mkatazeni, kwa kuwa siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Na Siku ya Upatanisho, hakuna tena kuhani mkuu wala mbuzi wawili, hekalu halipo tangu mwaka 70. Ni siku ya kufunga, ya kusoma Waebrania kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sauti, na ya kwenda kwa ndugu uliyemkosea. Kristo ameingia Patakatifu mara moja tu. Mtu akisoma Walawi 16 yote akiwa na njaa, kisha akafika kwenye Waebrania 9, atajua "mara moja tu" ina uzito gani.

Vibanda ndiyo sikukuu ninayoitamani kuliko zote kanisani. Siku saba watu wakae vibandani wakumbuke kwamba walikuwa wasafiri na Mungu aliwatunza. Kumbukumbu la Torati 16 inaamuru furaha, kisha inataja majina ya wanaotakiwa kufurahi: wewe, mwanao na binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Siku hizo hekaluni kuhani aliteka maji ya Siloamu kwa chombo cha dhahabu akayamimina madhabahuni, na taa kubwa ziliwashwa katika ua wa wanawake. Sasa someni Yohana 7. Siku ya mwisho, siku ile kubwa ya sikukuu, Yesu anasimama na kupaza sauti: "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Na sura inayofuata: "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Nilisoma mistari hiyo kwa miaka mingi kama maneno mazuri yasiyo na mahali. Niliposoma habari za maji na taa nilifunga kitabu nikatoka nje kusimama. Na nabii Zekaria, sura ya 14, anawaona mabaki ya mataifa yote wakipanda mwaka kwa mwaka kumwabudu Mfalme na kushika Sikukuu ya Vibanda. Mataifa. Sisi tumo humo.

Mtaniuliza, na mniulize kwa haki: mtazishikaje bila hekalu, bila mavuno ya Israeli, bila kujua kalenda kwa uhakika? Ni kweli. Hatuwezi kuzishika kama torati ilivyoagiza, na hakuna awezaye leo. Shayiri ya Israeli huiva katika majira ambayo penginepo duniani ni ya kupanda. Mwaka wa Kiebrania unafuata mwezi na huongezwa mwezi wa kumi na tatu mara saba katika miaka kumi na tisa, ndiyo maana mwaka 2024 Jumapili yetu ya Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi nayo Pasaka ya Kiebrania ikaanza jioni ya tarehe 22 Aprili. Tutaadhimisha kwa ukumbusho, kwa unyenyekevu, bila kuchinja kafara na bila kujivika mavazi ya kuigiza Uyahudi, kwa maana kumheshimu aliyekutunzia urithi ni pamoja na kutojifanya yeye. Ninajipa moyo kwa 2 Nyakati 30. Mfalme Hezekia alifanya Pasaka mwezi wa pili badala ya wa kwanza, makuhani hawakutosha, na wengi walikula kabla hawajajitakasa. Hezekia akawaombea, akisema BWANA mwema amsamehe kila mtu aliyeuelekeza moyo wake kumtafuta Mungu. Na BWANA akamsikia, akawaponya watu.

Basi ninachoomba kwa vitendo ni hiki. Mtoe tamko kwamba mshirika asitiwe nidhamu kwa kuadhimisha sikukuu za Biblia, maadamu hawalazimishi wengine wala hafundishi kwamba wokovu unazitegemea. Wachungaji wapewe Jumapili chache kwa mwaka kuifundisha Walawi 23 ikiwa na Kristo ndani yake. Isikusanywe sadaka yoyote ya pekee siku hizo, isipokuwa ile ya mjane na mgeni, nayo ifike kwao. Na anayeona mambo haya tofauti na mimi aendelee kuhubiri anachoamini. Nitakaa kwenye benchi langu nimsikilize.

Na kwa wazee wa usharika wangu, ambao najua mtaisoma barua hii: muda wangu wa kusimamishwa umekwisha na nimerudi kwa watoto. Pasaka ikikaribia tunaomba ukumbi mdogo kwa jioni moja. Mikate tutaoka wenyewe, nusu saa kabla, bila hamira. Tumewawekea viti saba upande wa mlangoni. Watoto ndio watakaouliza maswali, nasi tungependa majibu yatoke kwenu. Tutafagia kabla ya kufunga, na ufunguo nitaurudisha asubuhi.

Wenu katika Kristo, Pasaka wetu,

Mwalimu wa shule ya Jumapili